Sanduku ya mawazo na programu ya kuandikia: nani anamujibu mwenye kutumia chombo?



Siku ya posho moja tulikaa ku biro ya sendika, tunapanga orodha ya madai mbele ya kuonana na wakubwa wa kompani. Mtoto wa mwenzetu mmoja, anayesoma informatique ku Lubumbashi, njo alikuwa anapiga maneno yetu ku ordinatere. Tulipofika ku dai ya kumi na mbili, mzee mmoja wa ekipe ya usiku aliweka kaske yake juu ya meza, akasema: «Viatu tuliandika mwaka uliopita. Maji ya kunywa tuliandika. Akuna mutu alitujibu. Sasa tunaandika tena ya nini?»

Kijana akaacha kuandika. Akasema: «Baba, hata hii programu ninayoandikia, watu wenye kuitumia wanaomba vitu kila siku. Kuko penye wanajibiwa, kuko penye wanangojea mpaka wanazeeka. Haiko bahati. Iko namna nyumba yenyewe imepangwa.»

Neno ile ilitukamata. Tulimuomba atufasirie, na kisha tulitafuta sisi wenyewe. Leo tunawaletea ile tuliyoipata, juu tunaona inatugusa sisi watu wa mgodi kuliko tulivyofikiri.

Programu ya kuandikia ni nini? Si ile ya kupamba barua, yenye herufi nene na rangi. Ni chombo chepesi cha kuandika maneno matupu. Mwanafunzi anaandikia humo, mhasibu anaweka humo orodha yake, na zaidi ya wote, wale wanaotengeneza programu zingine wanaitumia toka asubuhi mpaka usiku. Kwao ni kama nyundo na patasi kwetu. Ukishika nyundo miaka kumi, unajua vizuri kuliko aliyeitengeneza pahali mpini unapoumiza mkono. Njo maana wenye kutumia programu hawachoki kuomba: ongeza hiki, rekebisha kile, punguza hapa.

Na musiseme hii ni mambo ya mbali. Kobalti inayotoka Kolwezi na Fungurume inaingia katika betri za ordinatere za kubeba na za telefone. Congo yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Yule anayekaa Ulaya ao Marekani, anayeandika «tafadhali, ongezeni kitu hiki», pengine anaandika kwa nguvu iliyotoka katika jasho letu. Basi tuna haki ya kuuliza: yeye anapoomba, anasikilizwa namna gani?

Tuliona nyumba tatu, na kila moja iko na desturi yake.

Nyumba ya kwanza ni Notepad, programu ndogo ya Microsoft inayokuja pamoja na Windows toka Windows ya kwanza, mwaka 1985. Wengi wenu mumeiona, hata kama jina hamukulishika. Ilikuwa na kasoro moja ya kuudhi. Faili iliyoandikwa katika ordinatere za aina ya Unix ao Linux, ukiifungua ndani ya Notepad, mistari yote ilishikamana kuwa mstari mmoja mrefu, juu alama ya kumaliza mstari haikufanana na ile ya Windows. Watu walilalamika miaka na miaka. Dawa ilikuja mwaka 2018. Hesabuni wenyewe: toka 1985 mpaka 2018 ni miaka 33. Mchimbaji aliyeanza kazi na miaka 20 anakaribia pensioni.

Sasa tazameni upande mwingine. Mwisho wa mwaka 2024, Microsoft ile ile ilianza kujaribu ndani ya Notepad uwezo wa akili ya bandia, unaochukua sentensi yako na kuiandika upya. Hii haikungoja miaka 33. Ilikuja mbio, juu njo njia kompani yenyewe inataka kwenda. Hatusemi ni kitu kibaya. Tunasema tu: katika nyumba iliyofungwa, ombi la mwenye kutumia linatembea kwa miguu, na wazo la mwenye nyumba linapanda gari.

Sisi tunaijua hiyo nyumba. Ku kompani moja, ambayo hatutataja jina, kulikuwa sanduku ya mawazo ku mlango wa kantine, yenye kufuli na tundu juu. Tuliingiza karatasi: viatu vimetoboka, basi ya usiku inachelewa, vitambaa vya kuzuia vumbi havitoshi. Miezi ilipita. Siku walipohamisha kantine, sanduku ilianguka na kufunguka. Karatasi zetu zote zilikuwa ndani, zimekunjwa vile tulivyozikunja. Akuna aliyezisoma. Na kitu kilichotuuma zaidi: ndani mulikuwa karatasi 9 zinazosema neno moja juu ya basi ile ile, na kila mmoja wetu alidhani yuko peke yake.

Nyumba ya pili ni VS Code, programu nyingine ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2015. Hapa kompani ile ile ilifanya kitu tofauti. Ombi halitiwi katika sanduku ya kufuli. Linaandikwa pahali pa wazi, kila mutu duniani anaweza kulisoma, na anayelikubali anaweka alama ya kidole gumba. Kuko sheria inayojulikana: ombi jipya likiisha kuchunguzwa, linapewa siku 60. Likipata alama 20 ndani ya siku hizo, linaingia katika orodha ya kazi za kungojea. Lisipozipata, linafungwa, na mwenyewe anaambiwa sababu.

Hii ni hatua kubwa, tusiidharau. Mwenye kuomba anajua kanuni, anajua siku, anajua ni wangapi wako pamoja naye. Zile karatasi 9 za basi, kwa njia hii, zingekuwa ombi moja lenye watu 9 nyuma yake. Hiyo tayari ni nguvu.

Lakini kuhesabu si kuamua. Mwaka 2016 watu waliomba VS Code iruhusu kutoa dirisha ya kuandikia na kuipeleka katika kioo cha pili, kwa wale wenye vioo viwili ku meza. Ombi lilipata maelfu ya alama; lilikuwa moja kati ya yale yaliyopendwa zaidi. Jibu lilifika mwisho wa mwaka 2023. Miaka saba. Baingenieri walikuwa na sababu: kazi ilikuwa nzito, ilibidi kugusa msingi wa programu. Tunaikubali sababu hiyo, juu hata sisi tunajua kupanua shimo chini ya nguzo si sawa na kupaka rangi ukuta. Ila tukumbuke: alama zinaonyesha mahitaji ya watu, lakini anayelipa mishahara ya baingenieri njo anaamua wataanza na nini.

Nyumba ya tatu inatuvuta zaidi, juu mlango wake mmoja unafunguka hapa Afrika. Ni Vim. Ilitolewa mwaka 1991 na Muholanzi mmoja, Bram Moolenaar. Programu ni ya bure, na maandishi yake ya ndani, yale ambayo kwayo programu inatengenezwa, yako wazi kwa kila mutu. Bram hakuomba bei. Aliomba kila mwenye kuipenda asaidie watoto wa Kibaale, kusini ya Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, pahali ukimwi uliacha mayatima wengi. Yeye mwenyewe alifanya kazi huko mwaka mzima katika miaka ya 1990, kushughulikia maji na usafi. Mpaka leo mamilioni ya watu ambao hawajakanyaga Uganda wamesoma jina la nchi hiyo wakifungua Vim, juu neno la kusaidia watoto hao lilikuwa linatokea pale pale ku ukurasa wa kwanza.

Na maombi? Bram alipanga hivi: aliyetuma euro 10 ao zaidi aliweza kujiandikisha na kupiga kura juu ya uwezo mpya unaotakiwa. Hesabu ya kura iliwekwa wazi, na Bram aliitazama akichagua kazi ya kufanya. Baadaye, alipokuwa na mshahara wa kazi nyingine, pesa ya wafadhili ilielekezwa kwa watoto wa Uganda.

Hapa sisi watu wa sendika tunajitambua. Mchango mdogo wa kila mwezi unakupa sauti. Njo vile sisi pia tunafanya. Lakini tuseme pia upande wa giza: euro 10 si kitu kwa mutu wa Amsterdam, na kwa mwanafunzi wa Kibaale ni mlima. Kura yenye bei, hata bei ndogo, inamuacha mutu fulani nje ya mlango. Tuliulizana sisi wenyewe: kwetu, nani anabaki nje? Mfanyakazi wa soutraitance, ambaye mkataba wake ni wa miezi mitatu. Mama anayefagia biro. Hao hawalipi mchango, basi hatuwaandiki. Na vumbi tunalolalamikia, wao pia wanalivuta.

Turudi ku Vim. Bram hakuwa mutu wa kukubali kila kitu. Katika maelezo ya programu aliandika wazi vitu ambavyo Vim haitakuwa. Kati ya hivyo: usitegemee kufungua ndani yake dirisha ya kuamuru ordinatere nzima, ao kuendesha humo kifaa cha kuwinda makosa ya programu. Tunaheshimu «hapana» ya namna hii. Iliandikwa, inasomeka, na mwenye kuomba hapotezi miaka kungoja kitu ambacho hakitakuja. «Hapana» iliyoandikwa inaweza kujadiliwa. Kimya hakijadiliwi.

Na kweli ilijadiliwa. Hapa kunaingia mutu wa Brazil, Thiago de Arruda. Wenye kutumia Vim waliomba siku nyingi programu isisimame wakati kazi nyingine inaendelea nyuma yake. Ilikuwa kama barabara moja ya kariere: kamyo moja ikisimama, zote za nyuma zinasimama. Thiago hakuomba tu. Alitengeneza mwenyewe kiraka cha kuondoa shida hiyo, akakileta. Hakikupokelewa. Basi mwaka 2014 alichukua maandishi yote ya Vim, yale yaliyo wazi, na kuanzisha programu nyingine: Neovim. Aliomba watu wamuchangie dola 10,000 aweze kufanya hiyo kazi. Walitoa zaidi ya 30,000.

Tazameni ile iliyofuata. Mwaka 2016 ilitoka Vim 8.0, na ndani yake uwezo ule wa kufanya kazi nyuma bila kusimamisha mwandishi. Mwaka 2018 ilitoka Vim 8.1, na dirisha ya kuamuru ordinatere ikawa ndani, pamoja na njia ya kuwinda makosa: vile vitu viwili vilivyoandikwa «hapana». Mwaka 2019, Vim 8.2 ilileta vidirisha vidogo vya kutokea juu ya maandishi, ambavyo watengenezaji wa viongezo waliviomba. Hatusemi Neovim peke yake njo ilileta haya yote. Bram alikuwa fundi, na fundi mzuri anabadilisha mawazo. Lakini mutu asituambie kwamba jirani aliyejenga nyumba mpya mbele ya mlango wako hakubadilishi mwendo.

Hapa njo tunafika ku kiini cha maneno yetu. Nguvu ya mwenye kuomba inatoka ku mambo matatu. La kwanza, ombi lionekane na wote. La pili, lipate jibu lenye sababu na siku. La tatu, mwenye kuomba aweze kuondoka na chombo mkononi, akiona amedharauliwa. Notepad haikumupa lolote la kutegemea. VS Code ilimupa la kwanza na la pili. Maandishi yake mengi yako wazi pia, lakini uamuzi wa nini kinaingia ndani yake uko mikononi mwa kompani, na kuondoka nayo si kazi nyepesi. Watu wa Vim walikuwa na yote matatu, na tuliona ni la tatu lililotingisha nyumba.

Sasa sisi. Je, tunaweza kuondoka na chombo? Hapana. Mutu hawezi kuchukua kariere, kuikunja kama karatasi, na kuifungua ku upande mwingine wa barabara. Bacreuseurs wanajua: hata ukitafuta shimo lako mwenyewe, ardhi iko na mwenye karatasi, na polisi ya mgodi haiko mbali. Na mfanyakazi mmoja akiondoka kwa hasira, kesho yake asubuhi kumi wanasimama ku mlango na vitambulisho mkononi. Kwa hiyo lile la tatu hatuna. Mahali pake tuna kitu kimoja tu: kusimama pamoja, kufuata sheria, na kutovunjika katikati. Sendika njo hiyo. Na kama la tatu ni dhaifu kwetu, basi yale mawili ya kwanza hatuwezi kuyaacha hata kidogo.

Sheria tayari inatusaidia upande mmoja. Code minier iliyorekebishwa mwaka 2018 inalazimisha kompani kuandikiana cahier des charges na jamii za pahali mgodi uko, na kutoa angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii hizo. Cahier des charges ni nini kama si orodha ya maombi, imeandikwa, ina siku, ina sahihi ya pande zote mbili? Basi mzazi yeyote anayekaa karibu na mgodi aulize: cahier yetu iko wapi? Nani aliyeisoma mbele ya watu? Dai la shule linaonekana namba ngapi, na jibu lake ni gani?

Kwa upande wa kazi, hii njo tunayoleta mbele ya wenzetu, tuijadili katika ekipe zote.

Kwanza, tuache sanduku ya kufuli. Kila dai iandikwe ku daftari na namba na tarehe, na nakala ibandikwe ukutani, pahali ekipe ya mchana na ya usiku zinapokutana. Mwenye dai ile ile asiandike mpya; aweke jina la ekipe yake chini ya ile ya kwanza. Tutaona haraka nini kinauma watu 2 na nini kinauma watu 200.

Pili, tuombe jibu la maandishi ndani ya siku tunazokubaliana na wakubwa. «Ndiyo», «hapana», ao «baadaye», kila moja na sababu yake. Sababu ya kweli tutaikubali. Kazi nzito inahitaji muda; tumeiona ile ya miaka saba. Lakini viatu si msingi wa nyumba. Viatu vinanunuliwa.

Tatu, na sisi tujifunze kusema «hapana» kwetu wenyewe. Ukileta madai 60, mkubwa atachagua zile 3 rahisi na kupigwa picha nazo. Programu inayokubali kila ombi inakuwa nzito mpaka haifunguki. Orodha yetu vilevile. Tupige kura, na katika kura hiyo wa soutraitance na bamama wa usafi waingie, hata kama hawajalipa mchango.

Nne, daftari isikae katika mufuko wa delege mmoja. Bram Moolenaar alikufa tarehe 3 mwezi wa 8 mwaka 2023. Kwa miaka zaidi ya 30 yeye njo aliamua kiraka gani kinaingia. Watu walijiuliza Vim itakufa naye. Haikufa: wenzake waliofanya kazi naye walishika usukani, na mwanzo wa mwaka 2024 walitoa Vim 9.1, wakaitoa kwa ukumbusho wake. Iliwezekana juu kila kitu kilikuwa wazi, kimeandikwa, na watu waliojua njia walikuwa zaidi ya mmoja. Ni sendika ngapi tumeziona zinazimika siku delege alipohamishwa ao aliponunuliwa? Daftari ilienda naye.

Mzee wa ekipe ya usiku alisikiliza yote haya mpaka mwisho. Kisha alivaa kaske yake, akasema: «Basi andika, mwanangu. Lakini andika namba.» Kijana aliandika: dai namba 12, viatu vya kazi, ekipe ya usiku, watu 41, na tarehe ya siku ile. Pembeni aliacha nafasi tupu, na juu yake neno moja: jibu.

Nafasi ile bado ni tupu wakati tunaandika. Nakala iko ukutani, na kila anayepita anaiona. Mwenye dai ingine, asikunje karatasi. Aje biro siku ya posho, mama ao baba, wa mkataba ao wa soutraitance, tuiandike na namba yake.